Uzi wa Nissan Dualis: magonjwa yake, bei za matengenezo, na kilichonikuta Kitonga

Mleta uzi:

Wakuu, habari za jioni.

Haipiti wiki humu bila mtu kuuliza "Dualis ikoje?" Majibu huwa ni mawili: kuna anayesema gari tamu hakuna mfano, na kuna anayesema kimbia usigeuke nyuma. Mimi ninayo tangu Machi 2021. Nimeitengeneza kwa hela ambayo mke wangu hajui jumla yake, na bado naipanda kila siku Kibaha hadi Posta na kurudi. Leo nimemwaga risiti zote mezani, naandika bei nilizolipa mimi. Wewe ukipata kwa chini ya hapo, mshukuru Mungu na ututajie duka.

Kwa wasioijua: Dualis ni jina la Japani. Ulaya gari hiyohiyo inaitwa Qashqai, kwa hiyo ukitafuta spea mtandaoni tumia majina yote mawili. Zile za mwanzo kabisa za 2007 ziliundwa Sunderland, Uingereza, zikapelekwa Japani kuuzwa, ndipo zikaja kwetu zikiwa mtumba. Yaani kuna Dualis hapa Dar zimevuka bahari nyingi kuliko sisi wote humu. Baadaye kazi ilihamia Kyushu. Injini ni MR20DE, cc 1,997, na hizo cc tatu zilizopungua kufika 2,000 ndizo zilizotuvuta wengi, maana ukivuka hapo ushuru unapanda daraja. Siku hizi kuiagiza haina faida tena: Japani waliacha kuiuza 2014, zote zimeshazeeka, na kodi ya uchakavu inakusubiri bandarini. Wengi tunaziokota mkononi, zenye namba za usajili za C na D. Shida inaanzia hapo.

Yangu niliichukua kwa milioni 13 na nusu kupitia dalali. Maneno yalikuwa yaleyale: mwenye gari anasafiri, alikuwa akiendea kanisani tu, injini haijawahi kufunguliwa. Nikaizungusha mtaani dakika kumi, AC inapuliza barafu, kioo cha juu kinaonyesha mbingu (zile za toleo la 20G zina paa la kioo), mtoto kafurahi, nikalipa. Nilibakiwa na laki mbili mfukoni. Kosa langu la kwanza na kubwa kuliko yote lilikuwa hilo la laki mbili.

Desemba tukaenda Mafinga. Tumetoka nyumbani saa kumi alfajiri, Morogoro safi, Mikumi safi, Ruaha Mbuyuni jua limeshawaka, gari imejaa watu, mchele na ndoo ya mafuta ya mawese. Tukaanza kupanda mlima Kitonga. Kona ya tatu au ya nne nakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari haiendi. Mshale wa joto uko katikati, taa hakuna. Nyuma yangu semi limejaa mabomba, dereva anapiga honi kama ananidai. Nikaegesha pembeni, mke anatazama bonde, mimi natazama dashibodi. Tukakaa karibu saa nzima. Nilipowasha tena ikapanda kama hakuna kilichotokea.

Hiyo ndiyo tabia ya CVT, giaboksi ya otomatiki ya Dualis, ikichemka. Ndani hakuna gia zile tulizozoea. Kuna puli mbili zinazojipanua na kujibana, na mkanda wa chuma unaopita katikati yake. Kinachobana puli ni presha ya oili, na oili hiyohiyo ndiyo inayoshikisha mkanda usiteleze na kupoza kila kitu. Ikizidi joto, kompyuta inapunguza nguvu makusudi ili mkanda usijichane. Mshale wa kwenye dashibodi unaonyesha maji ya injini, hauhusiki na oili ya giaboksi, ndiyo maana unaweza kuchemsha giaboksi huku roho imetulia.

Niliporudi Dar nikampelekea fundi mmoja anayezijua. Akafungua nati ya chini, oili ikatoka nyekundu na harufu ya kuungua. Akanitazama kwa huruma. Oili ya CVT ya Nissan, NS-2, ina rangi ya kijani. Hiyo nyekundu ni ATF, oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, mtu alishaijaza huko nyuma kwa sababu ni rahisi. Sijui ni gereji gani na sitaki kujua.

Sasa hesabu. Kopo la lita nne la NS-2 nilinunua 145,000. Ukifungua nati zinatoka kama lita nne tu, nyingine zinabaki ndani, kwa hiyo nilifanya mara tatu kwa mwezi mmoja ili kuisafisha ile nyekundu: 435,000. Filta zipo mbili, ya wavu ndani ya sampo (bakuli la oili chini ya giaboksi) na ya karatasi ndogo ubavuni kwenye kipoza oili, ambayo mafundi wengi hawaigusi kabisa: 95,000 zote mbili. Ufundi 60,000. Sumaku za ndani ya sampo zilikuwa zimevaa manyoya ya chuma.

Ikanipa miezi mitano ya amani. Kisha ikaanza mlio, uuuuu, kama ndege ndogo inayotafuta uwanja, hasa kati ya spidi 50 na 70. Beringi za puli zilikuwa zimeshakula. Nikaingia Ilala kutafuta giaboksi ya mtumba: 1,900,000. Ya kwanza ilifungwa, ikalia kuliko ya kwangu! Bahati niliandikisha dhamana ya siku saba kwenye risiti, tukabishana nusu siku, wakanibadilishia. Ya pili ndiyo ninayotembelea leo. Ufundi 300,000, oili kopo mbili tena 290,000, na fundi umeme 80,000 kuisomesha kompyuta data za giaboksi mpya. Hii ya mwisho msiiruke. Watu wanafunga giaboksi nzima, inapiga mateke, wanasema "nimeuziwa mbovu", kumbe kompyuta bado ina vipimo vya ile ya zamani.

Jumla ya giaboksi peke yake: 3,160,000. Nimeiandika, nimeitazama, nimeigeuza karatasi.

Injini yenyewe siilalamikii. Ina cheni, haina mkanda wa kubadilisha kila kilometa laki moja. Ukiiwekea oili ya 5W-30 kwa wakati inadumu. Ukiichelewesha cheni inavutika na gari inaanza kutetemeka ikiwa imesimama. Ila kuna kitu kimoja ambacho lazima umwambie fundi kabla hajashika spana: PLAGI. Ili kuzifikia lazima avue manifoldi ya kuingiza hewa, ndiyo maana nililipa ufundi 70,000 kwa kazi ambayo kwenye gari nyingine ni ya buku kumi. Plagi ni nyembamba, za iridiamu, nne 140,000, na gasketi za manifoldi 45,000. Sasa fundi mwenye mkono wa lori akizikaza kwa hasira, ukuta kati ya tundu la plagi na njia ya maji ni mwembamba, unapasuka. Maji yanaingia kwenye plagi, na hapo unatafuta silinda hedi. Mkono mwepesi, au bora zaidi spana ya kupimia.

Miguu. Barabara zetu mnazijua. Kilichosumbua kwangu ni beringi ya juu ya shokapu za mbele: vumbi likiingia, ukikata kona sehemu ya kuegesha unasikia kreeek kama mlango wa ghala. 45,000 kila upande, na kwa sababu shokapu zinashuka zote, nikaona nibadilishe na shokapu zenyewe, KYB mpya, jozi 380,000. Stablaiza linki 25,000 moja. Wishboni nzima 110,000, ingawa ukipata fundi wa presi unabadilisha bushi tu kwa 20,000. Habu ya gurudumu la mbele, inayokuja na beringi yake, 150,000.

Vidogo: honi ilikata, taa ya eabegi ikawaka, ni ile kebo ya mviringo nyuma ya usukani, ya mtumba 120,000. Maunti ya injini ya kulia (kile kishikio kinachoibeba injini), 130,000. Mafuta inanipa kilometa tisa kwa lita kwenye foleni ya Ubungo, kumi na mbili nikitoka nje ya mji.

Maswali karibuni. Wale wa "nunua Toyota IST" nawasalimu mapema.

---

Mdau wa Temeke:

Mkuu, hapo pa "mke wangu hajui jumla yake" umejianika. Huu uzi ukitembea WhatsApp mpaka Kibaha usiseme hatukukuonya.

---

Mdau wa Mwanza:

Shukrani mkuu kwa darasa. Nina swali la haraka. Kuna ya 2010 huku, modeli KJ10, namba D, wanataka milioni 11. Dalali anasema giaboksi haijawahi kuguswa tangu itoke Japani. Nichukue?

---

Mleta uzi:

Kaka, hiyo sentensi ya dalali isome tena taratibu. Giaboksi ya CVT ambayo haijaguswa tangu Japani maana yake oili haijabadilishwa tangu Japani. Anakupa habari mbaya akidhani anaisifia gari.

Usiijaribu ikiwa ya baridi. Ikiwa ya baridi zote ni nzuri. Mwambie mnakwenda nayo Kisesa na kurudi, ipate moto sawasawa, ndipo uipandishe mlima wa Bugando taratibu huku AC imewashwa. Sikiliza mlio, angalia kama mshale wa RPM (mizunguko ya injini) unapanda bila gari kusogea. Ukirudi, simama tambarare, kanyaga breki, toka D uingie R mara kadhaa. Ikisubiri sekunde ndipo igonge, rudisha funguo. Mwisho, fundi achomoe kijiti cha oili ya giaboksi. Ikiwa nyekundu au nyeusi, ondoa milioni tatu kwenye bei au ondoka.

---

Mdau fundi, Tegeta:

Mleta uzi umeeleza vizuri, naongeza machache kwa sababu hizi gari ndizo zinazonilisha.

Moja, NS-3 inaingia badala ya NS-2, Nissan wenyewe wameruhusu. Ila kinyume chake hapana: gari iliyotoka na NS-3 usiiwekee NS-2.

Pili, kipimo cha oili kinasomwa ikiwa na moto, nyuzi 50 hadi 80, injini inaunguruma, baada ya kupitisha lever ya gia kila nafasi. Wengi mnapima asubuhi ya baridi, mnaona imepungua, mnajaza, inazidi, inatoa povu. Povu halibani puli.

Tatu, na hili linaniuma: kuvuta gari. Dualis imekufa barabarani, mnaifunga kamba, mnaivuta kilometa thelathini magurudumu ya mbele yakizunguka chini. Pampu ya oili ndani ya giaboksi haifanyi kazi injini ikiwa imezimwa. Mnakuja kwangu na tatizo la alteneta, mnaondoka na tatizo la giaboksi. Ita gari la kubeba. Yenye AWD, inayovuta kwa magurudumu yote, ibebwe yote manne.

Kuhusu bei ya ufundi, 300,000 kushusha na kupandisha ni sawa. Ukiambiwa 100,000 uliza atatumia jeki gani.

---

Mdau wa Dodoma:

Habari zenu kaka zangu. Mimi ni mwanamke, naendesha Dualis mwaka wa sita sasa, imefika kilometa 140,000, giaboksi ni ileile iliyokuja nayo. Nabadilisha oili yake kila kilometa 40,000 na sijawahi kulala njiani.

Lakini nilinusurika. Mwaka juzi ilianza kugonga nikiweka D, na nikisimama kwenye taa za barabarani gari inatetemeka mpaka kioo cha ndani. Gereji niliyoizoea wakasema giaboksi imekwisha, milioni mbili na laki mbili, na tayari walikuwa wamempigia mtu wa spea. Nikasema naomba nikaulize nyumbani. Nikaenda kwa mzee mmoja wa pembeni, akafungua boneti, akaniambia kaa ndani, shika breki, weka D, weka R. Injini ikaruka kama mbuzi. Maunti ya kulia ilikuwa imepasuka, mafuta yake yamemwagika. 120,000 na ufundi 30,000, gari ikatulia mpaka leo.

Kwa hiyo dada zangu mnaosoma kimya, kabla hujakubali neno "giaboksi", omba waangalie maunti kwanza. Wakiona umekuja peke yako na mkoba, bei inapanda.

---

Mleta uzi:

Dada yangu, huu mchango wako umezidi uzi wenyewe. Dalili za maunti na za giaboksi zinafanana sana, na tofauti yake ni milioni mbili.

---

Mdau wa Nakuru:

Majirani, salamu kutoka Kenya. Huku gari likipita miaka minane haliingii nchini, kwa hivyo Dualis nyingi tulizonazo ni za zamani za namba za usajili za KB na KC. Mimi hununua oili ya CVT Nairobi, Kirinyaga Road, kopo la lita nne nililipa Ksh 6,500. Lakini chungeni sana, kuna makopo yanajazwa upya. Mimi huangalia kifuniko, na nikishamaliza kopo nalitoboa nisije nikanunua lilelile mwaka ujao.

Swali: je, ile ya X-Trail ni afadhali? Ndugu yangu anataka modeli ya T31.

---

Mleta uzi:

Karibu jirani. Hiyo ya kutoboa kopo nimeiiba rasmi.

X-Trail T31 ya 2.0 ni ndugu wa damu wa Dualis: injini MR20DE ileile, CVT ya ukoo uleule, kwa hiyo magonjwa anayajua tayari. Serena C25 na Lafesta nazo ziko kwenye ukoo huo, ndiyo maana spea za injini hazikosi. Ila giaboksi usichukue tu kwa sababu jina linafanana. Nenda na namba ya ile ya zamani, na ya AWD si ya 2WD.

T30, ile ya kona kona ya zamani yenye mita za spidi katikati ya dashibodi, ni habari nyingine. Giaboksi yake ni ya gia nne za kawaida, haikupi mawazo. Tatizo lake liko injini, QR20DE: katalisti (kichujio cha moshi) iliyo karibu na injini ikipasuka, unga wake unarudi kwenye silinda, gari inaanza kula oili. Ukiona moshi wa buluu asubuhi, pita.

Kuhusu wanaokimbilia Toyota Vanguard: nayo ya 2.4 ina CVT, watu wanasahau. Na injini yake ya 2AZ-FE ina historia ya kula oili. Kila mmoja anachagua ugonjwa wa kuuguza.

Halafu hili la "Nissan CVT ni uzushi wa madalali wa Toyota" tuliache. Marekani Nissan wenyewe walirefusha dhamana ya giaboksi za CVT za magari ya 2003 hadi 2010, ikafika miaka 10 au maili 120,000. Wasingefanya hivyo bila sababu. Sasa sisi tunazinunua zikiwa na miaka kumi na tano, dhamana yetu ni risiti ya siku saba ya Ilala.

---

Mdau wa Temeke:

Kwa hiyo mkuu, ukiambiwa uanze upya, unanunua tena?

---

Mleta uzi:

Nanunua. Imetulia barabarani, inakaa watu watano bila kulalamika, na mpaka leo sijaona gari ya bei ile inayonifurahisha hivi nikiwa naendesha. Ila ningenunua ya milioni kumi na kubakiza milioni tatu na nusu benki, badala ya kumpa dalali zote. Siku ya kwanza kabla ya kuosha gari ningebadilisha oili ya giaboksi na filta zake mbili. Matairi, redio na viti vya ngozi vingesubiri.

---

Mdau wa Mwanza:

Mrejesho wakuu. Jumamosi nilikwenda. Dalali alipoambiwa Kisesa akasema mafuta hayatoshi, nikajaza ya elfu ishirini mwenyewe. Kwenda safi kabisa, nikaanza kumwona mleta uzi mnafiki. Kurudi, tumefika Bugando, AC imewashwa, katikati ya mlima RPM ikaenda elfu nne gari inatembea kama inasindikiza msiba. Dalali akasema "ni mafuta ya kituo kile". Tulipofika chini nikamwomba fundi wangu achomoe kijiti. Nyeusi tii, inanuka.

Nikamwambia nitatoa milioni saba na nusu. Amenuna, amechukua funguo, kasema nina roho mbaya.

---

Mleta uzi:

Subiri siku nne. Ataita.

---

Mdau wa Mwanza:

Ameita leo asubuhi. Milioni nane na laki mbili, na anasema "mwenye gari amepata dharura ya ada". Fundi wa Tegeta, oili ya kopo tatu kwanza au nitafute giaboksi moja kwa moja?

---

Mdau fundi, Tegeta:

Shusha sampo kwanza, piga picha ya sumaku, itume hapa. Zikiwa na unga laini wa kijivu, badilisha oili na filta, utatembea. Zikiwa na vipande vinavyong'aa unavyoweza kuvishika kwa vidole, usipoteze oili yako, nenda kwenye giaboksi. Na usilipe chochote kabla ya picha.

---

Mdau wa Mwanza:

Sawa mkuu. Fundi anaishusha kesho saa nne, picha nitaziweka bando likiruhusu.